Dole Gumba la Kulia

Fomu inataka dole gumba la kulia.
Hapa, anasema karani, ndani ya kisanduku,
usitoke nje ya mstari.
Nikamwonyesha bandeji.
Akaitazama, akaitazama na fomu,
kama mtu anayelinganisha chenji na risiti.
Basi weka la kushoto, na pembeni uandike sababu.
Mama, sababu ndiyo fomu yenyewe.

Dole langu nililiacha Pasua, karakana ya mbao,
Jumanne, saa nne kasoro robo, chai haijafika.
Msumeno ulikuwa na kinga zamani.
Kinga ikaonekana inachelewesha kazi, ikafunguliwa,
ikatundikwa ukutani juu ya kalenda.
Mkaguzi akija inashuka,
mkaguzi akiondoka inarudi kwenye msumari wake.
Tuliizoea pale kama picha ya marehemu.

Ubao ulikuwa wa mringaringa, mpana, wenye fundo.
Fundo halipigi hodi.
Sikusikia maumivu kwanza, nilisikia mashine ikibadili sauti,
kama mtu aliyekatizwa maneno kisha akaendelea.
Eliapenda akazima umeme.
Msimamizi akamwaga maranda juu ya damu.
Sijafika Mawenzi, naambiwa,
msumeno ulishawashwa tena.
Kulikuwa na oda.

Ule ubao leo ni mlango. Uko Shanty Town,
nyumba yenye mijakaranda na mbwa wawili.
Sijui kama wenyewe huufunga taratibu.

Haya, gharama, maana wamesema tuandike gharama.
Eksirei mara mbili, ya kwanza haikutoka vizuri.
Bodaboda kutoka Njoro kwenda kusafisha kidonda, siku kumi na tisa,
ukiondoa zile nilizorudi kwa miguu.
Dawa iliyoisha dirishani ikapatikana ng'ambo ya barabara.
Hizi zina risiti.
Ndeshihoro alifunga genge wiki sita,
nyanya zikaozea kwenye kreti.
Hizo hazina risiti.
Wala vifungo vya shati langu,
anavyonifunga kila asubuhi huku anatazama pembeni.

Bosi alikuja na sukari kilo tano na bahasha.
Tuyamalize kibinadamu, akasema.
Kwamba jina langu, kwa bahati mbaya, halimo kwenye michango.
Kwamba mimi ni kibarua.
Kibarua wa miaka saba:
kila jioni naachishwa, kila asubuhi naajiriwa upya.
Sukari tuliinywa. Bahasha niliirudisha,
Ndeshihoro akaninunia siku tatu,
na alikuwa na haki yake.

Eliapenda aliandika ushahidi.
Akaandika neno *kinga*, akalipigia mstari.
Wiki iliyofuata hakupewa zamu.
Hilo nalo liandikwe ukurasa gani?

Daktari wa tathmini alinipima kwa rula ya plastiki.
Akaniambia niokote sarafu mezani.
Niliisukuma hadi ukingoni, nikaidaka kwa mkono wa kushoto.
Akacheka kidogo, akaandika asilimia.
Nilidhani mtu ama yupo ama hayupo.
Sikujua naweza kupungua kwa desimali.

Sheria, anasema karani huku akigonga muhuri,
haimwulizi kibarua kwa nini jina lake halimo,
inamwuliza mwajiri.
Ina utamu sentensi hiyo.
Nimeirudia njia nzima hadi Njoro,
hata muuza mahindi akadhani nasali.
Ila subiri simu, alisema.

Nasubiri simu.
Asubuhi za baridi, Kibo ikijifunua yote,
dole lisilokuwepo linawasha.
Ninalikuna hewani, palepale lilipokuwa,
na muwasho unatulia.
Hilo sikumwambia karani.
Nilitafuta kisanduku chake kwenye fomu,
mbele na nyuma.